Fungate ya siku saba kwa pointi za Hilton: nilivyoiona kutokea Tanga

Niseme mapema nisije nikalaumiwa: pointi za Hilton Honors, mpango wa uanachama wa hoteli za Hilton, zinalipa chumba. Ndege ya kukufikisha kisiwani hazilipi, chakula cha usiku hazilipi, kodi ya mazingira hazilipi. Anayewaambia maharusi kwamba "fungate ni bure" hajaisoma risiti ya siku ya kuondoka. Hata hivyo, kwa maharusi wa Tanga wanaotaka kwenda Maldivi au Shelisheli naipa nyota nne kati ya tano. Anasa siyo sababu yangu ya kwanza. Sababu ni usiku wa tano wa bure (ukilipa usiku nne kwa pointi, wa tano haulipiwi) na uhuru wa kusogeza tarehe.

Huo uhuru nauanza kwa sababu huku kwetu tarehe ya harusi haina mwenyewe mmoja. Posa ikijibiwa na mahari ikikubaliwa, bado kuna wajomba wa Muheza, shangazi aliye Muscat, ukumbi, na kamati ya michango. Wengi wanalenga mfungo mosi, mwezi ambao kila mwaka unarudi nyuma kama siku 11 kwenye kalenda ya ukutani. Vyumba vya pointi vinataka uwahi miezi mingi kabla. Ukingoja wazee wakubaliane, vimekwisha. Kwa hiyo naweka nafasi kwa tarehe ya kukisia. Ikibadilika nikafuta ndani ya muda, pointi zote zinarudi kwenye akaunti, na hazifi mpaka ipite miezi 24 bila kuongeza wala kutumia hata moja.

Muda wa kufuta usomwe kabla ya kubonyeza. Hoteli ya mjini inaweza kukuruhusu mpaka siku moja kabla, lakini za visiwani hutaka wiki mbili, mwezi, au zaidi msimu wa Desemba. Na saa inayohesabiwa ni ya hoteli: Maldivi wako mbele yetu saa mbili, kwa hiyo saa sita ya usiku ya Malé ni saa nne ya usiku Ngamiani, hapa Tanga.

Akaunti ni bure kufungua. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na bibi harusi asijipe jina la mume kabla pasipoti haijabadilishwa. Kila mmoja afungue yake, tena mapema, maana mwanachama mpya haruhusiwi kununua wala kuhamisha pointi siku hiyohiyo. Baadaye wawili wanaziunganisha kwenye akaunti moja bila malipo. Kikundi kimoja kinachukua mpaka watu 11, kwa hiyo hata kaka anayesafiri kikazi anaweza kuchangia zake. Huo ni mchango wa harusi ambao kamati haiwezi kuula.

Kwa anayelala hotelini kikazi, pointi huja zenyewe. Kwa wengine ni kununua, na hapo ndipo watu wanapoungua. Bei ya kawaida ni senti 1 ya dola kwa pointi. Usinunue kwa bei hiyo. Mara kadhaa kwa mwaka Hilton hutoa nyongeza ya asilimia 100, na bei inashuka hadi senti 0.5. Kuna ukomo wa kununua kwa mwaka kwa kila akaunti, ndiyo maana nasema wawili, kila mmoja na yake. Pesa ikishatoka hairudi, hata harusi ikivunjika. Malipo ni kwa dola, kwa hiyo piga hesabu kwa bei ya benki yako, siyo ile inayosomwa kwenye habari. Kadi nyingi za benki zetu pia huja zimefungiwa manunuzi ya mtandaoni au zina kiwango kidogo kwa siku. Wapigie benki wafungue kwanza. Kujaribu mara tatu kadi ikikataliwa ni kualika kufungiwa.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa hoteli ya Maldivi inayotangaza dola 700 kwa usiku. Hiyo siyo bei utakayolipa. Juu yake kuna asilimia 10 ya huduma, halafu kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, tena inapigwa juu ya jumla. 700 inakuwa 770, na 770 inakuwa karibu 901. Usiku tano ni dola 4,504 na ushee. Chumba hichohicho kikidai pointi 100,000 kwa usiku, unalipa nne na wa tano ni bure: pointi 400,000. Ukizinunua kwa senti 0.5, ni dola 2,000. Asilimia za huduma na kodi ya chumba hazikufuati kwenye usiku wa pointi. Kodi ya mazingira inakufuata: dola 12 kwa mtu kwa usiku kwenye hoteli za kitalii, yaani dola 120 kwa wawili kwa usiku tano, ulipe kwa fedha au kwa pointi.

Kipimo changu ni hichohicho kila mara: bei kamili ya fedha, pamoja na kodi, gawanya kwa pointi zinazodaiwa. Mfano wa juu unatoa zaidi kidogo ya senti 1.1 kwa pointi, nzuri sana. Ikishuka chini ya senti 0.5, funga ukurasa ulipe fedha, kwa kuwa pointi zenyewe umezinunua kwa bei hiyo. Hilton iliondoa jedwali la bei za pointi mwaka 2017, kwa hiyo hakuna pa kuangalia zaidi ya tarehe yenyewe. Bei ya jana siyo ahadi.

Usiku wa tano wa bure una masharti, na kila moja nimeona likimkwamisha mtu. Lazima uwe na daraja la uanachama la Silver au zaidi wakati wa kuweka nafasi, na Silver inapatikana kwa kulala mara 4 au usiku 10 ndani ya mwaka. Usiku mbili mfululizo hoteli moja ni mara moja, siyo mbili. Usiku zote tano ziwe mfululizo, hoteli moja, nafasi moja, kwa pointi tupu. Ukiweka mbili leo na tatu kesho, hakuna cha bure. Kabla ya kuthibitisha, fungua mchanganuo wa bei: mistari minne isome kiwango kilekile, mstari wa tano usome sifuri. Kama wa tano nao una namba, simama.

Halafu kuna mtego wa vyumba. Ofa hii ni ya chumba cha kawaida cha pointi, kile cha kiwango cha chini kabisa. Vikiisha, mfumo haukwambii vimekwisha. Unakuonyesha vyumba vya daraja la juu kwa pointi mara tatu, mara tano, bila usiku wa bure, na kwa thamani ambayo mara nyingi haifiki hata senti 0.5. Mtu akiona namba kubwa anadhani hoteli ndiyo ghali. Hapana, ni chumba kilichobadilika. Vile vya kawaida ni kama usemi wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo: vinafunguliwa na kufutwa kila mara watu wanapobadili mipango. Angalia asubuhi na usiku, na jaribu kusogeza siku moja mbele au nyuma. Jumapili hadi Ijumaa huwa rahisi kuliko Alhamisi hadi Jumanne.

Fungate ya kimila ni siku saba, na saba haiingii vizuri kwenye tano. Ukilipa usiku saba kwa pointi unalipa sita. Naona bora tano za pointi kisiwani, mbili za fedha mahali pa bei nafuu, kabla au baada. Ukitaka zote hoteli moja, ziwe nafasi mbili, kisha waandikie hoteli waziunganishe, usije ukahamishwa chumba katikati ya fungate.

Jambo dogo linalouma: unapotafuta, weka watu wazima wawili. Simu nyingi hufunguka zikiwa na mmoja. Ukiweka mmoja, mkafika wawili, hoteli ina haki ya kudai malipo ya mtu wa pili kwa kila usiku, na kaunta ya mapokezi siyo mahali pa kuanza ndoa kwa mabishano.

Maldivi au Shelisheli? Maldivi, hoteli ya Hilton kama Conrad Rangali Island inafikiwa kwa ndege ya majini ya karibu nusu saa kutoka Malé. Nauli yake ni mamia ya dola kwa kila mtu, pointi haziigusi, na mara nyingi ndiyo gharama kubwa kuliko zote zilizobaki. Ndege hizo hazirushwi usiku. Ukitua Malé baada ya kama saa tisa na nusu alasiri, jiandae kulala Malé kwa gharama yako huku usiku wa kwanza wa pointi ukiteketea kisiwani. Chagua ndege ya kimataifa inayotua asubuhi, hata kama inadai maili (pointi za mashirika ya ndege) zaidi.

Shelisheli ni rahisi mfukoni. Hilton Northolme iko Mahé kwenyewe, unafika kwa gari, hakuna boti wala ndege ndogo. Labriz, nayo ya Hilton, iko kisiwa cha Silhouette na ina boti ya kulipia. Tozo ya mazingira ipo, lakini kwa hoteli kubwa ni rupia 100 za huko kwa mtu kwa usiku, ndogo kuliko ya Maldivi. Kwa anayebana bajeti, Northolme bila kusita. Kwa anayetaka chakula cha halali bila kuuliza kila meza, Maldivi, maana ni nchi ya Kiislamu. Shelisheli waandikie hoteli kabla.

Kufika. Maldivi kutokea Dar utapitia Doha kwa Qatar Airways au Dubai kwa Emirates. Shelisheli utapitia Addis Ababa kwa Ethiopian, na kwa kuwa wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, maili za Turkish nazo zinaweza kukata tiketi hiyo kiti kikiwepo. Emirates wanaruhusu familia ya watu mpaka 8 kuchangia maili kwenye akaunti moja. Maili zao zinakufa baada ya miaka mitatu. Tiketi ya maili haiondoi tozo za uwanja wala ada za shirika, kwa hiyo linganisha jumla, siyo maili peke yake. Ukikosa maili za wawili, usikate moja ya maili na moja ya fedha kwenye nafasi tofauti bila kuwaomba waziunganishe: ndege ikibadilishwa ratiba, mmoja anahamishwa, mwenzake anabaki.

Watu wa Tanga husahau Mombasa. Dar ni kama kilomita 350, basi linakushusha Mbezi, na bado kuna foleni mpaka Terminal 3 ya uwanja wa ndege. Mombasa ni karibu nusu ya umbali huo kupitia mpaka wa Horohoro, Ethiopian wanatua pale, na barabara ya Dongo Kundu inakuvusha bila feri ya Likoni. Chukua teksi mpaka mpakani, vuka kwa miguu na pasipoti, panda nyingine upande wa Lunga Lunga. Ukivuka na gari lako, lina makaratasi yake. Ukienda njia ya Dar, lala huko usiku mmoja. Ndege ndogo ya Tanga ni tiketi ya pembeni: ikichelewa, shirika la kimataifa halina deni nawe wala halikujui.

Mizigo ipimwe nyumbani. Ndege ndogo za Tanga mara nyingi ni kilo 15 kwa begi laini. Ndege za majini za Malé ni kilo 20 na 5 za mkononi, kinachozidi kinalipiwa. Doti za kanga ni nzito kuliko zinavyoonekana. Chetezo na makaa viacheni. Vyumba vina vitambua moshi, na udi wa mkaa utawaletea walinzi mlangoni. Mafuta ya udi yanatosha. Cheti cha homa ya manjano kikae ndani ya pasipoti, sindano ipigwe si chini ya siku 10 kabla. Shelisheli wanataka kibali cha kusafiri cha mtandaoni, kina ada. Beba nakala ya cheti cha ndoa: hoteli nyingi hutoa keki au matunda kwa wanaofunga ndoa mwaka huo, lakini huomba ushahidi.

Nyota niliyoinyima ni ya chakula. Silver haikupi kifungua kinywa. Gold, daraja la juu yake, ndiyo inakupa, na kwenye kisiwa chenye jiko moja tofauti hiyo unaihisi kila asubuhi. Uliza bei ya mpango wa kifungua kinywa na chakula cha usiku kabla ya kufika, maana wakati mwingine ni nafuu ukilipia mapema, na uwe kwa maandishi.

Siku ya kurudi usikate ndege ya asubuhi kutoka Malé. Saa ya ndege ya majini inatolewa jioni ya kuamkia safari, na inaweza kuwa alfajiri au mchana kama hoteli ilivyopangiwa. Ndege ya kimataifa ya jioni ndiyo inayokupa nafasi.