Gurudumu la besi ndani ya Mji Mkongwe, uzoefu wangu

Wapiga besi, ile fidla kubwa inayopigwa imesimamishwa, hapa Unguja hatuko wengi na karibu kila mmoja keshaniuliza lile gurudumu la kuibebea vipi, linafaa au pesa imekwenda bure, kwaiyo naandika mara moja niwe nawatumia hii. Linafaa, tena sana, ila si kwa kila besi na si kila mahala.

Kwa asiyelijua, ni gurudumu moja la mpira lenye chuma chake juu. Unachomoa ule mguu wa chini wa besi, unachomeka hiki chuma kwenye tundu lile lile, unakaza skurubu, basi. Besi unailaza kidogo, unashika shingo unaondoka nayo. Saizi ya robo tatu, ambayo ndo wengi wetu tunapiga, inafika kama mita 1.8 na uzito wake ni kilo 10 hivi au 12 bila mfuko, kwaiyo si uzito unaokutesa, ni umbo. Shughuli ya taarab ikiisha mwenye fidla anatia kwapani anakwenda zake, mwenye udi begani, wewe umebaki unatafuta hamali, na hamali wetu anajua mchele, atakukazia kamba juu ya daraja la besi, kile kibao kinachoinua nyuzi, kama anafunga gunia. Daraja likihama, au Mungu apishe mbali likaanguka, kile kijiti kilichosimamishwa ndani ya tumbo la besi nacho kinaweza kuanguka, na hapo usiku huo hupigi tena.

Sasa kabla hujaagiza PIMA tundu. Mguu wa unene wa milimita 10 ndo wa kawaida lakini kuna wa 8 na wa 12, na chuma kikiwa chembamba kitacheza humo ndani hata ukaze vipi, afu njiani besi inashuka ghafla. Na cheki kile kizibo cha chini ya besi chenye tundu la mguu kimekaa imara, maana kila jiwe unalogonga mshindo wote unapanda hapo. Kikiwa kinatikisika peleka kwa fundi kwanza.

Chukua la kujaza upepo, lile la mpira mgumu achana nalo, vichochoro vya Mkunazini na Kiponda si sakafu ya eapoti. Tena mie upepo najaza nusu nusu makusudi, linakuwa laini linameza yale mawe. Nikitoka Darajani mpaka Ngome Kongwe nafika sijachoka, mkono mmoja besi mkono mwengine nasalimia watu. Ubaya wake ni kutu, chumvi ya bahari imekula beringi mapema kuliko nilivyotaraji na sasa bila ya oili linapiga kelele njia nzima. Ngazi pia sahau, hapo unanyanyua tu. Na haisimami yenyewe, ukitaka kupumzika ilaze ubavu, usiilaze kifudifudi hata dakika.

Kitoroli cha magurudumu mawili, kile cha kufunga mikanda kwenye tumbo la besi, nimeazima kwa mwenzangu. Uzuri mzigo hauegemei kwenye lile tundu la chini kabisa, na bandarini pale chini palipo sawa kinateleza raha. Ila kichochoroni kinakera, gurudumu moja likipanda jiwe besi yote inapinda upande na mkanda unaanza kulegea, mara unasimama kukaza, watu nyuma wanataka kupita na vespa inapiga honi. Mikanda yenyewe ifunge juu ya mfuko mnene, isikandamize nyuzi.

Boti ya Dar, yoyote utakayotumia kati ya hivi, chomoa au fungua kabla ya kupanda, ingiza besi ndani ilaze ubavu, kule juu nje jua na maji ya chumvi vinalegeza gundi mbavu, zile mbao za pembeni, zinaachia. Gari vilevile, usiiache juani vioo vimefungwa. Daladala hata usijaribu, tafuta Noah, laza kiti cha mbele shingo ipite hapo.

Ningenunua kimoja tu ningechukua gurudumu. Labda besi yako iwe ya zamani, ule mguu wa mbao usiochomoka, hapo huna pa kulichomeka, nenda na kitoroli.