Diwani yangu kuchapwa kwa herufi za risasi: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Ukitaka nakala nyingi tena haraka, huduma hii haikufai. Mimi nilitaka diwani ndogo ya mashairi yangu ya kugawia jamaa na marafiki, kazi nikampa msanifu wa vitabu anayepanga herufi moja moja kwa mkono na kuchapa mwenyewe.

Usanifu wake pekee unatosha kumlipa. Mshororo wa mizani 16 ni mrefu. Kwenye kitabu chembamba hukatika ovyo na kina cha kati kikapotea. Alichagua ukurasa mpana, akaacha mwanya kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, vina vyote vikasimama wima toka juu hadi chini bila kubana pambizo. Fonti ni Caslon, ya Uingereza ya karne ya 18, inayosomeka bila kujionyesha.

Kisha ikaja shida ya herufi a. Herufi hizi za mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni huuzwa kwa seti, na seti yake ilipimwa kwa mahitaji ya Kiingereza: e tele, lakini a, k na w za kuhesabu. Kiswahili kikazimaliza mapema! Ikambidi achape kurasa chache, azifungue, arudishe kila herufi kwenye kisanduku chake, ndipo apange zinazofuata. Kazi ikachelewa sana, na hakunitahadharisha. Hapo amepoteza nusu nyota.

Nusu nyingine imeliwa na jalada. Eneo pana la rangi moja limetoka na mabaka, jambo ambalo mashine za aina hii zinajulikana nalo. Afadhali angeweka maandishi matupu.

Ndani, lakini, wino ni mweusi ti. Wengi siku hizi hupenda herufi zididimie hadi uzipapase kwa kidole. Kwa kadi, sawa. Kitabu huchapwa pande zote mbili, na ukikandamiza hivyo, upande wa pili unaota vipele. Yeye aliigusa karatasi kidogo tu, nami namuunga mkono.

Kabla ya kuagiza, uliza kama atapanga herufi au atatumia bamba la plastiki lenye maandishi ya ukurasa mzima. Kwa bamba, a haziishi, na likihifadhiwa hurudi mashinani ukihitaji nakala zaidi. Kurasa zangu zimeshafunguliwa na herufi kurudishwa kisandukuni, kwa hiyo toleo la pili ni kupanga na kulipa upya. Nitaagiza bamba.