Presha kuka ya umeme, lita 6: makande ndiyo, wali hapana

Muuzaji akikuambia maharage yanaiva dakika 15, usipange chakula cha mchana kwa hizo 15. Mashine inaanza kuhesabu presha ikishajaa. Yangu, ikiwa nusu, inachukua kama robo saa kufika hapo, na ikimaliza kupiga mlio unaiacha ipoe yenyewe robo saa nyingine. Kwa hiyo hesabu dakika 45. Bado ni nafuu kubwa, ila muuzaji angesema tu ukweli, ningenunua vilevile.

Ni ya lita 6, wati 1000, laki moja na sitini kwenye duka la vyombo hapa Arusha mjini. Niliinunua kwa ajili ya makande. Mume wangu ni Mpare wa Same, na kwetu wiki haiishi bila makande, ambayo kwenye mkaa ni kazi ya nusu siku. Na huku juu ndiyo zaidi: tuko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ongeza mkaa unavyotaka, yatatokota kwa kelele tu, joto ni lilelile. Ndani ya presha kuka mvuke hauna pa kutokea, joto linapita nyuzi 110, na hata yale mahindi magumu yanasalimu amri.

Nalowesha mahindi yaliyokobolewa na maharage usiku kucha, asubuhi naosha, maji yanapita juu kwa vidole viwili, kijiko cha mafuta ili povu lisipande, dakika 40. Magadi nimeacha. Zamani yaliokoa mkaa; sasa yangeharibu ladha bure na kuua vitamini B1. Kitunguu, karoti na tui vinaingia baadaye, mfuniko ukiwa wazi, kwa kitufe cha kukaangia. Tui usilipitishe kwenye presha, litakatika. Na ukiona mashine haina hicho kitufe cha kukaangia, iache dukani, maana utarudi kuwasha jiko lingine kwa ajili ya kuunga.

Vitufe vingine vyote, cha kuku, cha uji, hata cha keki, sivigusi. Naweka dakika mwenyewe: maharage yaliyolowekwa 12, makavu 40, nyama ya ng'ombe wa kienyeji 30, kongoro 50.

Umeme? Nilitazama mita ya LUKU kabla na baada: sufuria ya makande inakula kama nusu uniti. Sisi tuko kwenye ile bei ya elfu kumi uniti 28, kwa hiyo haifiki shilingi mia mbili. Mkaa wa kupikia makande hayohayo ulikuwa elfu mbili, na masizi juu. Umeme ukikatika katikati usifungue. Joto lililomo linaendelea kuivisha. Ila ukirudi, hii yangu haikumbuki ilipoishia, unaweka dakika upya.

Shangazi yangu mpaka leo husimama mlangoni ikianza kutoa mvuke. Hofu yake inatokana na zile za zamani za kuweka jikoni. Hizi zina kipini kinachopanda presha ikijaa na kuufunga mfuniko. Kikiwa juu haufunguki, na usiulazimishe. Chakula kinachotoa povu, kama maharage, kisizidi nusu ya sufuria, na usiachie mvuke ghafla, povu litaziba tundu. Usiweke chini ya kabati la mbao, na usichomeke kwenye ekstensheni nyembamba za bei rahisi.

Sasa lawama. Raba ya mfuniko inashika harufu, jamani! Ukipika utumbo leo, wali wa kesho utaujua utumbo. Kuosha kwa limau kunapunguza, hakumalizi. Mimi nina raba mbili, moja ya supu na moja ya vingine. Na wali wenyewe unatoka laini, sawa, lakini hauna ukoko, na wanangu wanagombania ukoko kuliko nyama. Wali umerudi kwenye gesi. Ugali hata usijaribu, mwiko utaugeuzia wapi?

Ukienda kununua, chagua yenye sufuria ya ndani ya chuma cha pua, si ile nyeusi inayobanduka. Fungua mfuniko, vua raba uirudishe mwenyewe, halafu uliza kama wanauza raba ya ziada ya saizi hiyo. Wakibabaika kujibu, nenda duka la pili.