Niligeuzwa mlangoni, hotipoti yangu ikaingia

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Siku hiyo nilianza kupika wali wa nazi na kisamvu tangu asubuhi. Nikajaza hotipoti ile kubwa, nikapanda bajaji kutoka Chikongola, hapa Mtwara mjini, hadi parokiani kwenye kikao cha wanandoa. Baba watoto hakuwepo. Alikuwa Tandahimba, korosho zetu zilikuwa hazijapimwa kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na mkulima gani ataacha magunia yake kipindi kile akimbilie mjini? Nikasema niende peke yangu, angalau nisikie mada nije nimsimulie.

Mlangoni alisimama kiongozi wetu, mtu mzima ninayemheshimu, ambaye ndoa yake ndiyo tunayoonyeshwa kama mfano. Akaipokea hotipoti kwa mikono miwili, akampa kijana aiingize ndani. Halafu akaniambia, "Mama, hiki ni kikao cha wawili wawili. Ungemsubiri baba arudi, ndipo mje." Nilidhani ananitania. Akaongeza kwamba wajane wana kikundi chao. Wajane! Mume wangu ni mzima, nilikuwa nimetoka kuongea naye kwa simu asubuhi ile ile.

Nilibaki pale nje nikiwasikia wenzangu wanaanza Salamu Maria. Nikarudi kwa miguu, maana sikutaka hata dereva wa bajaji anione nikilia.

Mngeniuliza jioni ile, ningewaambia msikanyage huko. Vikundi hivi ni vya watu ambao ndoa zao hazina shida, wanaokaa kusifiana.

Lakini si kweli, na lazima niseme ukweli. Kikundi hicho hicho ndicho kilichotuokoa. Misimu kadhaa nyuma mume wangu alimkopesha mdogo wake pesa yetu ya korosho bila kuniambia, na tulikaa miezi tukiongea mambo ya chumvi na ada ya shule tu. Padre mlezi akatusimulia habari za Padre Henri Caffarel, aliyeanzisha kikundi cha wanandoa mjini Paris mwaka 1939 na familia nne tu. Walitaka kujua Mungu anaitakia nini ndoa yao. Vikundi alivyovianzisha vina kawaida moja ambayo na sisi tuliiiga: kila mwezi mume na mke wanaketi wawili tu, mbele ya Mungu, bila watoto, bila simu, waambiane yaliyo moyoni.

Mara ya kwanza tuliketi uani juu ya mkeka tukasali, kisha kimya. Kimya kirefu mno. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Mume wangu ndiye aliyeanza, akasema hakuniambia kwa sababu alijua nitakataa, na mdogo wake alikuwa anauguliwa na mtoto. Mimi sikuwa najua habari ya mtoto. Tulikaa pale mpaka umande ukaanza kushuka. Hakuna semina wala mshenga aliyewahi kunipa usiku kama ule.

Ndiyo maana mlango ule uliniuma. Ndani ya ukumbi huo kuna picha ya Louis na Zélie Martin, mume na mke wa Ufaransa waliotangazwa watakatifu pamoja mwaka 2015. Zélie alikuwa na biashara ya lesi, na Louis alikuwa akisafiri hadi Paris kuiuza. Walitengana kwa ajili ya riziki, wakaandikiana barua, na ndoa ikabaki ndoa. Sasa wa Paris anapigiwa magoti, wa Tandahimba mke wake anahesabiwa mjane?

Hotipoti ilirudi baada ya wiki hivi, imeletwa na mtoto. Imeoshwa vizuri, inang'aa, na ndani hamna kitu. Nilimuuliza mtoto kama ametumwa neno lolote, akasema hapana. Na kikundi hiki ndicho kilichotufundisha yale maneno matatu ya hayati Baba Mtakatifu Fransisko, naomba, asante na samahani, tukayakariri kama watoto wa komunyo ya kwanza. La tatu nililisubiri. Bado nalisubiri.

Kwa hiyo nawashauri nini? Jiungeni. Hapana, kwanza ulizeni: huku kwetu ambako msimu ukifika nusu ya waume wako mashambani, mtu akija peke yake mnamfanyaje? Wakijibu vizuri, jiungeni, maana mkeka ule uani siwezi kuukana.

Baba watoto amesharudi. Anasema mwezi huu tunakwenda wote, na yeye ndiye atakayesimama kuuliza kwa nini mke wake aligeuzwa. Nimemwambia hapana, nitauliza mwenyewe.