Tahadhari: ukitafuta chumba Mafia baada ya kimbunga, usitume kianzio

Ndugu zangu wa Dar mnaopanga kwenda kisiwani Mafia wikendi, naomba msome hii kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu anakodisha vyumba vya gesti ambayo haipo. Anajitambulisha kama msimamizi, anasema gesti iko Kilindoni karibu na gati, "ukishuka tu unaiona", na picha anazotuma zinavutia kweli. Mimi na familia yangu katuchukulia shilingi 288,000. Na bado anaendelea.

Nieleze kwanza tulikuwa tunatafuta gesti kwa nini, maana kosa letu lilianzia hapo. Baba yangu ni mtu wa Mafia. Dada yake, shangazi yangu, anaishi Kilindoni, na miaka yote tukienda tunafikia kwake. Mwaka huu haikuwezekana. Kimbunga Hidaya kilipopiga tarehe 4 Mei 2024, Mafia ndiyo iliyokipokea. Sisi huku Dar tulipata mvua na upepo, boti za Zanzibar zikasimamishwa, tukakaa ndani tukisikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha maisha yakaendelea. Kwa shangazi bati za upande mzima zilinyanyuliwa, na mnazi ukaangukia jiko. Yeye na wajukuu wakahamia kwa jirani.

Tukakubaliana na mume wangu twende wikendi ya Idd el-Hajj, tukamwone, tumpelekee mashuka, vyombo na hela ya bati. Tulikuwa watu sita pamoja na watoto. Sasa, shangazi namjua. Tukimwambia tunakuja, atang'ang'ania tulale hapo hapo alipohifadhiwa, yeye ahamie barazani. Tukimwambia tunalala gesti, ataumia, ataona tumemhesabu kuwa hana tena uwezo wa kupokea wageni. Kwa hiyo tukanyamaza, tukasema tutamfikia ghafla, usiku tukalale gesti kimya kimya. Kumbe mtu pekee ambaye angeweza kwenda kutuangalizia hiyo gesti kwa macho yake ndiye tuliyemficha.

Tangazo nililipata kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa shule. Mtu alilisambaza tu kwa nia njema, na wala simlaumu. Liliandikwa hivi: vyumba vya kujitegemea, feni, chai ya asubuhi, 60,000 kwa usiku, "amka ukute jua linachomoza baharini mbele ya dirisha lako". Chini yake wakaongeza kwamba gesti imeshakarabatiwa baada ya kimbunga, na kwamba katika kila chumba kinacholipiwa shilingi 5,000 zinakwenda kwa waathirika. Mstari huo wa mwisho ndio ulionimaliza. Nilimfikiria shangazi.

Nikampigia mwenye tangazo. Sauti ya kiume, ya upole, yenye adabu. "Karibu sana dada yangu, poleni huko na joto." Akaniambia kwa sababu ya Idd vimebaki vyumba viwili tu. Tulikuwa tunataka hivyo hivyo viwili, Ijumaa mpaka Jumatatu. Jumla 360,000, nitume nusu ya kushikia nafasi.

Sikutuma hivi hivi, nataka mlijue hilo, maana nimeshasikia watu wakisema wanaotapeliwa hawaulizi. Niliuliza sana. Nilimwambia anipigie picha ya bango la gesti. Akasema bango lilichukuliwa na upepo. Nikamwomba tupigiane kwa video anionyeshe vyumba. Akasema mnara haujakaa sawa tangu kimbunga, video inakatakata. Nilipoanza kutuma hela, simu ikaniletea jina la mwanamke. Nikasimamisha, nikamuuliza. Akasema laini yake ilipotea kwenye maji siku ile ya kimbunga, anatumia ya mkewe. Risiti? Vitabu vya risiti vililowa. Kila nilichouliza, kimbunga kilijibu. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeona picha za nyumba ya shangazi, kila jibu liliniingia. Niliona hata aibu kumhoji mtu aliyepatwa na hayo yote.

Nikatuma 180,000.

Siku mbili baadaye akarudi. Boti ya kawaida imejaa kwa ajili ya sikukuu, lakini wao wana boti yao, itatuchukua Nyamisati, bandari ya huku bara, Ijumaa saa nne kamili asubuhi, 10,000 kila kichwa. Nikatuma 60,000. Kesho yake tena, kiingilio cha hifadhi ya bahari, 8,000 kila mtu, wanatulipia wao ili tusipate usumbufu. Nikatuma 48,000. Akaongeza na zawadi kwa watoto, kwamba Jumamosi tutapelekwa kuwaona papa potwe, wale papa wakubwa kabisa, bure.

Hapo ndipo palipokuwa na majibu yote, kama ningetulia. Papa potwe wa Mafia wana msimu wao, watu wanakwenda kuwaona kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili hivi. Sisi tulikuwa mwezi wa sita. Hifadhi ya bahari nayo, iliyoanzishwa mwaka 1995, iko upande wa kusini wa kisiwa, na kizuizi chake kiko njiani kuelekea Utende. Mtu anayelala mjini Kilindoni hana cha kulipia hifadhi mpaka aende huko. Na tozo ya serikali inalipwa kwa kumbukumbu namba, haiingii kwenye simu ya mke wa mtu. Mimi ni mtoto wa mtu wa Mafia na haya nilikuwa nayajua. Ila nilikuwa nafunga mizigo, nanunua nguo za Idd, na yule mtu alikuwa mwema mno kwenye simu.

Ijumaa alfajiri tukapanda gari Mbagala Rangi Tatu, tukaiacha barabara ya Kilwa pale Bungu, tukafika Nyamisati saa tatu na nusu. Saa nne ikafika. Nikapiga, inaita haipokelewi. Nikapiga tena, haipatikani. Mtoto wangu mdogo alikuwa amekaa juu ya gunia la vyombo vya shangazi, ananiuliza boti yetu ni ipi.

Nikamwendea mzee mmoja anayesaidia kupakia mizigo, nikamtajia jina la boti. Akanitazama, akashusha mzigo wake chini. Akasema, "Mama, nyinyi ni watu wa tatu kuniuliza hiyo boti mwezi huu. Na boti za hapa hazina saa nne kamili. Zinasikiliza maji." Nyamisati iko ndani ya mkondo wa maji, na maji yakipwa boti haitoki, kila mwenyeji anajua. Sitasahau jinsi alivyosema bila kunicheka. Alitusaidia hata kupata nafasi kwenye boti ya kawaida, ile tuliyoambiwa imejaa. Haikuwa imejaa.

Kilindoni nilikwenda moja kwa moja pale tapeli alipopaelekeza. Ni uwanja. Watu wameanika dagaa juu ya nyavu, kijana mmoja anafukuza kunguru kwa fimbo. Hakuna gesti, hakuna msingi wa gesti, haikuwahi kuwepo.

Tukatafuta gesti nyingine kwa miguu, na hii nayo nataka niieleze. Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni, na kabla hajataja bei akatuonyesha palipoharibika. Akafungua chumba cha mwisho: dari imevimba, ukutani kuna alama ya maji mpaka usawa wa kitasa, juu kimefungwa turubai la bluu. Akasema, "Hiki sikikodishi mpaka nipate bati." Kisha akatuonyesha vile vilivyopona. Harufu ya unyevu ilikuwepo, feni moja haizunguki sawasawa. Shilingi 35,000 kwa usiku, nikalipa baada ya kuweka mizigo ndani, akaniandikia risiti kwenye daftari la shule. Yule tapeli, wiki sita baada ya kimbunga, hakuwa na ufa hata mmoja kwenye picha zake. Nyumba za kweli za huko zina majeraha, na wenyewe hawayafichi.

Mafia siyo kubwa. Kabla ya magharibi shangazi alishasikia kuna wageni kutoka Dar wametapeliwa, akaja kuwapa pole, akatukuta ni sisi. Alikaa kitandani akashika shavu. Hakugomba. Alisema tu, "Ungeniuliza mimi, ningekwenda kwa miguu nikuangalizie." Kisha akaomba kuona lile tangazo. Nikamsomea. Nilipofika kwenye jua, akanikatisha: "Kilindoni jua linazama baharini, mwanangu. Halichomozi baharini." Ni kweli kabisa. Mji uko upande wa magharibi wa kisiwa, unatazama bara. Jioni ile ile tulikuwa tumelitazama likizama.

Tuliporudi Dar nilipiga 100 kwa mtandao wa simu niliotumia kutumia hela. Waliangalia muamala wakaniambia hela zilishatolewa zote kwa wakala, kila moja ndani ya saa moja tangu nitume. Kwa hiyo ukigundua, piga hapo hapo, usingoje kurudi nyumbani kama mimi, maana kama hela bado iko kwenye laini upo uwezekano wa kuizuia. Namba yake nimeipeleka 15040, ambayo ndiyo imewekwa kupokea namba za matapeli, na polisi nimefungua taarifa nikapewa RB, yaani namba ya taarifa. Makosa haya yana sheria yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba hela ya kutuma kwa simu haina kesi. Hifadhi meseji zote na usifute sauti alizokutumia, hata kama zinakukera. Mimi nilikuwa nimeshafuta mbili kwa hasira, najuta.

Kuhusu kutafuta chumba, mimi sasa nafanya hivi. Nafika, naona, nalipa. Kama ni sikukuu na naogopa kukosa nafasi, namtafuta mtu wa pale aende akasimame mlangoni na kuongea na mwenyewe: ndugu, mwalimu, dereva wa bajaji niliyewahi kupanda, yeyote mwenye miguu yake kisiwani. Ukiwa hujui mtu kabisa, muulize mwenye gesti vitu ambavyo mtu wa pale havimsumbui: maji yanajaa saa ngapi Ijumaa hii, jua linazama upande gani, nyumba imepata madhara gani na wametengeneza nini mpaka sasa. Asiye wa pale atakurudisha kwenye bei na nafasi zilizobaki. Na jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, lisome kwa sauti. Likiwa siyo la yule unayeongea naye, acha. Laini ikipotea, mwenyewe anaweza kuirudisha kwa kitambulisho chake, hana sababu ya kupokea kwa jina la mtu mwingine mwezi mzima.

Lakini msiache kwenda. Nasema hivi kwa sababu shemeji yangu aliposikia yetu aliahirisha safari yake, na nikamwona anakosea. Yule mama mwenye turubai anangoja wageni ili anunue bati. Nendeni, mlipe mlangoni.

Jana usiku tangazo limenifikia tena, kwa grupu lingine, la kikoba. Sasa gesti iko Kilwa Masoko, na bei imeshushwa "kwa sababu barabara ilikatika Somanga wageni wamepungua". Ni kweli barabara ya Lindi ilikatika Somanga kimbunga kilipopita, ndiyo maana neno hilo litawaingia watu kama lilivyoniingia mimi la bango. Namba ni mpya. Picha ni ile ile: ukuta wa njano, mlango wa bluu, na chini ya dirisha, upande wa kushoto, kuna beseni jekundu lenye mpini uliovunjika. Mkiliona hilo beseni, popote gesti itakaposemwa ipo, msitume hela.