Tahadhari: Wauzaji wa "Lishe ya Kuchagua Jinsia ya Mtoto"

Nawatahadharisha wanandoa wanaotafuta mtoto, hasa akina mama waliokwisha kuzaa mabinti na sasa wanasukumwa na ukoo wapate mvulana, kwamba katika makundi ya WhatsApp wamo watu wanaouza ratiba za vyakula pamoja na unga usio na jina la mtengenezaji, wakidai kuwa vitaamua jinsia ya mtoto kabla mimba haijatungwa. Anayetaka mvulana huambiwa aongeze chumvi, ndizi na nyama. Anayetaka msichana huambiwa ashikilie maziwa. Malipo hutumwa kwanza, kwa simu.

Wauzaji hao hupenda kutaja utafiti wa Uingereza wa mwaka 2008 uliohusu wanawake 740 wenye mimba ya kwanza, ambapo asilimia 56 ya waliokula vyakula vyenye nishati nyingi zaidi kabla ya kushika mimba walizaa wavulana, na miongoni mwa waliopata nishati kidogo zaidi ni asilimia 45. Wasichokisema ni kwamba mwaka uliofuata wanatakwimu waliupinga, wakieleza kuwa ukipima vyakula zaidi ya mia moja kwa pamoja, baadhi yake vitaonekana kuhusiana na jinsia kwa bahati tu. Yai la mama daima hubeba kromosomu (kibeba urithi) ya X; mbegu ya baba ndiyo huleta X, akawa msichana, au Y, akawa mvulana, kwa hiyo mwanamke asilaumiwe na yeyote, akiwamo mumewe.

Tazameni sana ile ahadi ya kurudishiwa pesa zote jinsia ikiwa tofauti, kwa kuwa hapo ndipo ulipo mtego. Wateja 100 wakilipa shilingi 50,000 kila mmoja, karibu nusu yao watapata jinsia waliyoitaka hata wasipokula chochote cha ratiba ile, na muuzaji, hata akiwarudishia wengine wote kwa uaminifu, atabaki na takriban shilingi 2,500,000 za bure pamoja na shuhuda za kuwavutia wengine. Kwa kawaida hata hiyo nusu hairudishwi: mama huambiwa kwamba hakufuata masharti, kisha huondolewa kwenye kundi.

Madhara hayaishii mfukoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, na kuizidisha ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu. Wengine huelekezwa wajisafishe ukeni kwa ndimu au magadi, jambo linalochubua na kuvuruga kinga ya asili. Anayejiandaa kushika mimba anahitaji asidi ya foliki (aina ya vitamini B), mikrogramu 400 kwa siku, ambayo hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo, aiulizie kliniki.

Aliyekwisha kutuma pesa asifute ujumbe wala risiti ya muamala. Aripoti polisi, na kwa walio Tanzania, namba ya tapeli itumwe pia kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.