Tahadhari: muuza nishani za Keya anayezunguka Kampala, Bombo na Jinja

Wakusanyaji wenzangu, na ninyi ambao babu zenu walikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni): yuko mtu anayezunguka na mkoba wa nishani za vita. Akifika kwa wazee huomba nishani zao "akazisafishe na kuzihakiki mihuri". Anazorudisha sizo alizochukua. Familia ambayo kijana wao hakurudi kutoka Bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, huenda haina kumbukumbu yake nyingine ila kile kipande cha shaba. Huu ni wizi, tena wa kikatili.

Nimeikagua seti moja aliyouza hapa Kampala. Nyuma ya Burma Star, nyota waliyopewa waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, pamegongwa simba na nanga, akamwambia mnunuzi kuwa ni uthibitisho wa fedha kutoka Birmingham. Alama hizo kweli zipo: nanga ni ya ofisi ya Birmingham inayopima madini ya thamani, na simba ni ya fedha ya Uingereza. Lakini nyota za Vita vya Pili si za fedha. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na zile walizopewa Keya zilitolewa bila muhuri wa mtengenezaji na bila jina la askari. Muhuri anaojivunia ndio unaomuumbua. Ukikuta jina, huenda ni familia iliyolichongesha baadaye, lisikupandishie bei.

Vita vya Kwanza ni habari nyingine. British War Medal ni ya fedha, ina kipenyo cha milimita 36, na ukingoni mwake kuna namba, jina na kikosi, vilivyogandamizwa kwa mashine. Huyu bwana husugua jina la zamani na kuchonga la askari wa 4 KAR (kikosi cha nne cha Keya), kwa kuwa kikosi cha Uganda ndicho kinachotafutwa hapa kwetu. Chukua kioo cha kukuzia. Herufi za mashine zimezama sawasawa. Zake zina mikwaruzo, na nyingine zimepinda. Kisha pima kipenyo sehemu kadhaa. Ukingo uliosuguliwa hupungua, na upungufu huo hauzibiki.

Anazo pia Iron Cross, nishani za Kijerumani, eti zilitekwa kwa askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza. Zile halisi za vitani zilikuwa na kiini cha chuma ndani ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku hunasa. Zake hazinasi, zimesubiwa kipande kimoja. Moja ina tarehe 1914 na muhuri wa L/11 kwenye pete, ilhali mihuri ya L/, alama za watengenezaji wa Kijerumani, ilianza enzi za Hitler. Haiwezekani iwe ilivaliwa Afrika Mashariki kabla ya 1918.

Hudai nusu ya bei kwa simu kabla hujaona kitu. Usitume. Mzigo uje kwanza, uukague mbele yake, ukiwa na sumaku na kipimo.

Wazee wasimkabidhi mtu nishani, hata akija na barua. Vijana, zipigeni picha leo: mbele, nyuma, ukingo wote na utepe. Aliyekwisha kubadilishiwa apeleke picha za zamani polisi, hata ile ya babu akiwa amezivaa kifuani. Na kama umenunua seti yenye jina lililochongwa ukingoni, usiiuze tena. Iweke, huenda mwenyewe bado anaitafuta.